Sindano Itulizayo Kinga na Kifua Kikuu Kilicholala

Mkulima akichomwa na mwiba mguuni, baada ya saa chache mahali palipochomwa huvimba, hupata joto na kuuma. Watu wengi huudhania uvimbe huo kuwa ndio ugonjwa. Kwa kweli ni kazi ya ulinzi. Mishipa midogo ya damu imetanuka, majimaji yamepenya kutoka ndani yake, na chembe nyeupe za damu zimekusanyika ili kuviangamiza vijidudu vilivyoingia pamoja na mwiba. Kazi hiyo ikikamilika, chembe hizo hutawanyika na mguu hurudia hali yake.

Wako watu, hata hivyo, ambao huvimba bila ya mwiba wala kijidudu. Chembe zao za kinga huzidhania sehemu za mwili wenyewe kuwa ni adui, zikazishambulia mwaka hata mwaka. Kwa baadhi ya watu hao zimetengenezwa dawa za sindano ziitwazo dawa za kibiolojia. Makala haya yaeleza jinsi dawa hizo zifanyavyo kazi, na mambo ambayo hayana budi kutimizwa ili zitumike kwa usalama na mgonjwa akaaye katika wilaya kama Magu, mkoani Mwanza.

Ulinzi ugeukapo adui

Magonjwa yaletwayo na kinga kuushambulia mwili wake ni mengi. Yako yashambuliayo ngozi, kama soriasisi. Yako yashambuliayo utumbo, kama ugonjwa wa Crohn. Na yako yakakamazayo uti wa mgongo. Ulio mashuhuri zaidi ni ugonjwa wa viungo uitwao rumatoidi, mmoja kati ya magonjwa ambayo wananchi huyajumlisha kwa jina la baridi yabisi. Jina hilo hupotosha kidogo, kwa maana ugonjwa huu hauletwi na upepo wa ziwani wala na maji ya baridi.

Rumatoidi huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume. Mgonjwa huamka asubuhi vidole vya mikono yote miwili vimekakamaa, na huenda saa nzima au zaidi ikapita kabla havijalegea. Usipotibiwa, ugonjwa huo hula gegedu na mfupa, na vidole hupinda. Kwa mwanamke wa Magu hapo ndipo jembe lishindikanapo kushikwa, pamba kuchumwa na ndoo ya maji kuinuliwa.

Tiba ya kwanza siyo dawa za kibiolojia. Kwa kawaida mgonjwa wa rumatoidi huanzishiwa methotreksati, dawa ya bei nafuu inywewayo mara moja tu kwa wiki; kuinywa kila siku kwa makosa kwaweza kuua. Wengi hupata nafuu kwa dawa hiyo na nyingine za jamii yake. Dawa za kibiolojia, ambazo ni ghali, huwafaa wale ambao dawa za awali hazikuwatosha.

Tarishi aitwaye TNF

Chembe za kinga haziwezi kufanya kazi pamoja bila ya kupashana habari. Hupashana kwa kutoa protini ndogo ziendazo kutoka chembe moja hadi nyingine kama matarishi. Mojawapo ni ile iitwayo TNF, iliyopewa jina lake mwaka 1975 na watafiti wa New York, walioona kwamba iliua vivimbe vya saratani katika panya. Baadaye ilidhihirika kwamba kazi yake kubwa mwilini ni kuamsha ulinzi. TNF ikitolewa, mishipa hutanuka na chembe nyeupe huitwa mahali penye mapambano. Katika viungo vya mgonjwa wa rumatoidi, tarishi huyu hupiga mbiu usiku na mchana ingawa hakuna adui aliyeingia.

Mwaka huo huo wa 1975, Georges Köhler na César Milstein wa Cambridge, Uingereza, walivumbua njia ya kutengeneza kwa wingi kingamwili za namna moja tu. Kingamwili ni protini ambazo mwili huzitumia kunasa kitu kigeni, na kila kingamwili hunasa kitu chake, kama ufunguo uingiavyo katika kufuli lake. Kwa uvumbuzi huo walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1984. Njia yao ilifungua mlango wa kuunda kingamwili iinasayo TNF yenyewe na kuizuia isifikishe ujumbe wake.

Walioijaribu fikra hiyo kwa wagonjwa wa rumatoidi walikuwa Marc Feldmann na Ravinder Maini, wa London. Maini alikulia Uganda, upande wa pili wa Ziwa Victoria, ambako baba yake, Amar Maini, alikuwa meya wa kwanza wa Kampala. Mwaka 1992 wataalamu hao walianza kuwapa wagonjwa kingamwili ambayo baadaye iliitwa infliksimabu. Katika wagonjwa 20 wa kwanza, uvimbe na maumivu vilipungua upesi. Infliksimabu hupitishwa katika mshipa wa damu hospitalini. Zilifuata dawa zichomwazo chini ya ngozi, ambazo mgonjwa aweza kujichoma mwenyewe nyumbani, kama etanasepti na adalimumabu. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliiingiza adalimumabu katika orodha yake ya dawa muhimu.

Boma lilindwalo na TNF

Kama TNF ingekuwa na kazi ya kuleta uvimbe mbaya tu, kuizuia kusingekuwa na hasara. Lakini tarishi yule yule aumizaye viungo ndiye anayesaidia kumfunga adui wa zamani: bakteria wa kifua kikuu.

Mtu avutaye bakteria hao kwa pumzi si lazima augue. Mara nyingi chembe za kinga huwazingira na kujenga kitu mithili ya boma kuwazunguka. Ndani ya boma hilo bakteria hulala, pengine kwa miaka mingi, bila ya kufa. Mtu huyo hakohoi, hakondi, wala hamwambukizi mwenzake. Yeye mwenyewe aghalabu hajui kwamba anao. Hata hivyo, boma hilo halijengwi mara moja likaachwa. Hulindwa kila siku, na TNF ni miongoni mwa walinzi wake wakuu. Ikizuiwa, boma laweza kubomoka na bakteria wakatoka.

Hatari hiyo ilidhihirika mapema. Mwaka 2001 ilichapishwa nchini Marekani taarifa ya wagonjwa 70 waliopata kifua kikuu baada ya kupewa infliksimabu. Kati yao, 48 waliugua baada ya kupewa dawa mara tatu au pungufu. Katika 40, ugonjwa ulikuwa nje ya mapafu, ambako ni vigumu zaidi kuutambua. Jambo la kuzingatiwa zaidi ni kwamba 64 kati ya hao 70 walitoka katika nchi ambazo kifua kikuu ni haba.

Mwalimu aweza kuwauliza wanafunzi wake: ikiwa hayo yaliwapata watu wa nchi zenye wagonjwa wachache, itakuwaje Tanzania, ambayo Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya mwaka 2021, liliihesabu miongoni mwa nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu? Jibu si kwamba dawa hizi zisitumike. Jibu ni kwamba hapa sindano isitangulie uchunguzi.

Kazi ianziayo zahanati

Chukuliwe mfano wa mama mmoja wa Magu ambaye daktari bingwa wa hospitali ya rufaa mjini Mwanza ameona kwamba anahitaji adalimumabu. Swali la kwanza ambalo hana budi kuulizwa ni jepesi: je, amewahi kuugua kifua kikuu, au kuishi nyumba moja na mtu aliyekiugua? Pili, ana kikohozi cha wiki mbili au zaidi, jasho la usiku, homa za jioni, au amekonda? Kama dalili zipo, makohozi yake hupimwa. Hufuata picha ya eksirei ya kifua, na kipimo cha ngozi au cha damu kionyeshacho kama kinga yake imewahi kukutana na bakteria hao.

Kipimo cha ngozi chahitaji kusomwa kwa busara. Kwa kawaida uvimbe mgumu wa milimita 5 au zaidi huhesabiwa kuwa ni dalili ya maambukizo kwa mtu ambaye kinga yake itatulizwa kwa dawa. Lakini mtu aliyekwisha kutumia prednisoloni kwa muda mrefu, au mwenye virusi vya UKIMWI, aweza asivimbe kabisa ingawa bakteria wamo. Ndiyo maana kipimo kimoja hakitoshi, na upimaji wa virusi vya UKIMWI ni sehemu ya maandalizi hayo hayo.

Akionekana kuwa na kifua kikuu chenyewe, hutibiwa kwanza, na dawa ya kibiolojia husubiri. Akionekana kuwa nacho kilicholala, hupewa dawa ya kinga, kama vile isoniazidi, na kwa kawaida sindano haianzi mpaka upite mwezi mmoja hivi wa kuinywa. Hata baada ya hapo dozi ya isoniazidi haina budi kumalizwa.

Vipimo vingine havina budi kuongezwa. Damu hupimwa virusi vya homa ya ini aina B, kwa sababu navyo huweza kulala mwilini na kuamka kinga ikitulizwa. Mwenye virusi hivyo huhitaji dawa ya kuvizuia. Katika vijiji vilivyo kando ya Ghuba ya Speke, ambako kichocho ni ugonjwa wa siku nyingi, choo na mkojo hupimwa ili kichocho na minyoo vitibiwe kabla ya yote. Na mgonjwa mwenye moyo ulioshindwa kazi yake hana budi kumwarifu daktari, maana dawa hizi zaweza kuuzidishia udhaifu.

Chanjo nazo zina utaratibu wake. Zile zenye vijidudu hai vilivyodhoofishwa, kama ya surua, ya homa ya manjano na BCG, hazitolewi kwa mtu aliye katika dawa hizi. Zile zinazohitajika hutolewa kabla, kwa ratiba ya daktari. Mama aliyechomwa dawa hizi akiwa mjamzito amwarifu mkunga kabla mtoto hajapewa BCG. Kingamwili hupita kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto tumboni, na BCG, ambayo Tanzania hutolewa mara tu mtoto azaliwapo, hulazimu kusubiri miezi kadhaa.

Protini na joto la barabarani

Wanafunzi wataka kujua kwa nini dawa hii haitengenezwi kama kidonge. Sababu ni kwamba adalimumabu ni protini, kama ute wa yai au nyama. Ikimezwa, tumbo na utumbo huimeng'enya kama chakula, isifike katika damu ikiwa nzima. Kwa sababu hiyo hiyo huharibiwa na joto. Protini ni mnyororo mrefu uliokunjwa kwa umbo maalumu, na umbo hilo ndilo liiwezeshalo kunasa TNF. Mkunjo ukifumuka, ufunguo haulijui tena kufuli lake.

Jambo hili laweza kuonyeshwa darasani. Ute wa yai ugawanywe katika mirija miwili ya majaribio. Mmoja uachwe mezani. Wa pili utiwe katika maji ya moto ya nyuzi 80 hivi za Selsiasi. Baada ya dakika chache ute wa mrija wa pili hugeuka mweupe na kuganda. Upozwe sasa kwa maji ya baridi, na wanafunzi watazame: haurudii hali yake ya kwanza. Mwalimu aongeze onyo moja. Dawa iliyoharibiwa na joto dogo kuliko hilo huenda isibadilike rangi hata kidogo, kwa hiyo macho peke yake hayawezi kuthibitisha kwamba ni nzima.

Adalimumabu huhifadhiwa katika nyuzi 2 hadi 8. Kwa kawaida maelezo ya watengenezaji huiruhusu kukaa nje ya jokofu kwa muda mfupi, aghalabu siku zisizozidi 14, nayo isipate joto la zaidi ya nyuzi 25. Mchana wa Magu mara nyingi hupita kiwango hicho, na ndani ya basi lililosimama juani joto huwa kali zaidi. Basi mgonjwa asafiriye kilomita zipatazo 60 kutoka Mwanza hadi Magu yafaa abebe dawa katika kasha la baridi lililofungwa vizuri, kama lile la chanjo. Barafu nayo isiguse dawa. Iviringishwe kitambaa, kwa maana kugandishwa huiharibu dawa sawasawa na joto. Iliyowahi kuganda hutupwa, hata kama imeyeyuka ikaonekana safi.

Mahali ambapo nyumba haina jokofu au umeme hukatika mara kwa mara, yafaa kuulizwa kama dawa yaweza kuhifadhiwa katika kituo cha afya kilicho karibu, na mgonjwa aende huko siku ya kuchomwa.

Siku ya sindano

Dozi ya kawaida ya adalimumabu kwa mtu mzima mwenye rumatoidi ni miligramu 40 kila baada ya wiki mbili. Siku hiyo dawa hutolewa katika baridi na kuachwa mezani kwa dakika 15 hadi 30. Haianikwi juani wala haitiwi katika maji ya moto. Haitikiswi. Hutazamwa: iwe angavu, isiwe na chembe zieleazo. Mikono huoshwa, ngozi husafishwa na kuachwa ikauke. Sindano huchomwa chini ya ngozi ya paja au ya tumbo, mbali na kitovu kwa sentimeta 5 hivi, na mahali hubadilishwa kila mara. Ngozi yenye jeraha, kovu au wekundu huepukwa. Sindano iliyotumika hutiwa katika kasha gumu lisilotobolewa na kurudishwa kituoni. Haitupwi jalalani wala kwa watoto, na haitumiwi na mtu mwingine.

Kama mgonjwa ana homa, jipu au kidonda chenye usaha siku ile, hajichomi. Humwona mhudumu wa afya kwanza.

Homa ambayo si malaria tu

Hapa ndipo penye hatari kubwa kwa mkazi wa mwambao wa ziwa. Homa ikitokea, wazo la kwanza la watu wengi ni malaria, na mara nyingi ni sahihi. Lakini kwa mtu aliye katika dawa ya kuzuia TNF, kipimo cha malaria ni mwanzo wa uchunguzi, si mwisho wake. Kwa kuwa kinga imetulizwa, homa yaweza kuwa ndogo huku maambukizo ni makubwa. Na kwa kuwa kifua kikuu kwa watu hawa mara nyingi hukaa nje ya mapafu, huenda kisilete kikohozi. Tezi za shingo zilizovimba, tumbo lililojaa maji, maumivu ya mgongo yasiyoisha, au kukonda bila ya sababu, yote hayo yastahili kupimwa.

Kuacha sindano hakumrudishii mtu kinga yake kesho yake. Kiasi cha adalimumabu mwilini hupungua kwa nusu katika muda wa wiki mbili hivi. Wanafunzi waweza kukokotoa: iliyokuwa 40 hubaki 20 baada ya wiki 2, 10 baada ya wiki 4, 5 baada ya wiki 6, na baada ya wiki 10 bado kiko kidogo zaidi ya 1. Kwa sababu hiyo mgonjwa huambiwa awe macho kwa miezi kadhaa baada ya sindano ya mwisho, na amwonyeshe kila mhudumu amtibuye kadi iandikayo dawa aliyotumia na tarehe yake.

Dawa mpya juu ya msingi wa zamani

Kutokana na maelezo haya ni dhahiri kwamba usalama wa dawa hii hautegemei bomba la sindano peke yake. Wategemea mtu wa kuuliza juu ya kikohozi, darubini au mashine ya kupima makohozi, dawa za kifua kikuu zisizokatika, na daftari la kumfuatilia mgonjwa asipofika. Mambo hayo si mageni Tanzania. Mpango wa Taifa wa Kifua Kikuu na Ukoma ulianzishwa mwaka 1977, na utaratibu uliokuzwa humo kwa ushauri wa Karel Styblo, wa kupima makohozi, kumsimamia mgonjwa anywe dawa na kuhesabu waliopona wilaya kwa wilaya, ulikuja kuwa msingi wa njia ambayo Shirika la Afya Duniani lilizipendekezea nchi nyingi katika miaka ya 1990.

Hivyo dawa iliyozaliwa katika maabara za Ulaya na Marekani, ambayo bei yake huwashinda wengi, hutegemea huduma ya makohozi ambayo mwananchi huipata wilayani kwake bila ya malipo. Mama yule wa Magu akiandikiwa sindano kabla ya kuulizwa habari za kikohozi cha nyumbani kwake, na aulize yeye. Swali hilo moja laweza kumwokoa.